Msiwadai Zilipendwa Tu

Kwenye harusi moja hapa Mugango, bendi ya vijana ilipiga muziki wa dansi wa miaka ya 1960. Wazee wakainuka kucheza. Vijana walipoingiza wimbo wao wenyewe, kuhusu bei ya dagaa mwaloni, mzee mmoja akafoka: "Rudisheni zilipendwa!"

Mimi nakataa. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, kule Morogoro, alisikiliza santuri za Cuba, akachukua mdundo, akaimba kwa Kiswahili mambo ya siku zake. Alipofariki mwaka 1965, hata miaka 40 hakuwa ametimiza. Zilipendwa hizo zilikuwa nyimbo mpya za vijana.

Anayetaka nakala tupu haienzi dansi, anaizika. Wazee wangu, shikamooni. Lakini waacheni waimbe dagaa wao.