Ikweta Inatukinga na Vimbunga, Lakini Si Kinga Kamili

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea pwani ya Tanzania, wavuvi wa kwetu walitahadharishwa. Kilitua Mafia tarehe 4, kikapungua nguvu, na Mombasa hakikufika. Baadaye ikarudi kauli ile ile: "Vimbunga si vya kwetu." Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo ya hatari.

Kimbunga huhitaji mambo manne yakutane. Bahari iwe na joto la nyuzi 26.5 au zaidi, tena lishuke makumi ya mita, si juu juu tu. Hewa iwe na unyevu mwingi. Pepo za chini na za juu zisipishane sana, maana zikipishana hukipasua kabla hakijasimama. La nne, mzunguko wa dunia uupinde upepo mpaka uanze kuzunguka. Nguvu hiyo ni dhaifu mno karibu na ikweta. Kwa kawaida vimbunga huzaliwa nyuzi tano au zaidi kutoka hapo. Lamu iko nyuzi mbili kusini, Mombasa nne. Mafia iko karibu nane.

Basi joto tunalo, hasa Machi na Aprili, kaskazi ikiisha na kusi haijashika. Tunachokosa ni huo mpindo. Ndiyo maana msimu wa Novemba hadi Aprili mzigo huangukia Madagaska na Msumbiji, kama Idai ilivyofanya 2019.

Lakini kimbunga si jicho lake tu. Mawimbi yake husafiri mamia ya kilomita, na dau halijui mpaka. Tena historia iko karibu: Aprili 1872 kimbunga kilizamisha merikebu za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Lindi ilipigwa 1952. Jambo la nadra si jambo lisilowezekana, na bahari inayozidi joto huvipa vimbunga mvua na nguvu zaidi.

Swali la kuwauliza viongozi wa kaunti na BMU ni hili: onyo likitolewa usiku, linamfikiaje mvuvi atakayetoka alfajiri, asiye na simu ya intaneti? Na sisi tujiulize letu. Hidaya kutotufikia hakukuufanya utabiri kuwa uongo. Anayebaki nchi kavu siku moja bure hupoteza kitoweo cha siku moja tu.