Tumbo la Mama wa Makamo Lisiwe Siri ya Uani

Yapo maradhi yanayozungumzwa mchana kweupe, na yapo yanayonong'onwa uani. Malaria, kipindupindu na shinikizo la damu hutajwa mikutanoni na redioni. Lakini adha ya tumbo kujaa gesi na kuvimba, inayowasumbua kila siku akina mama waliofikia umri wa makamo, haina mkutano wala msemaji. Mama huilegeza kanga yake kila alasiri, huacha kwenda arusini kwa kuona haya, na akiulizwa hali husema hajambo. Sisi tunaona kwamba wakati umefika wa kulitoa jambo hili uani na kulileta barazani.

Tulilitafakari jambo hili tulipokuwa Tabora, chini ya miembe mikubwa inayohesabiwa kuwa kumbukumbu ya misafara ya kale. Njia ile ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe za ndovu pwani, wakapandisha nguo na shanga. Kwa njia hiyo hiyo zilisafiri lugha yetu, dini na mapishi. Ndiyo maana mtu wa Visiwani afikapo Tabora hukuta pilau na chai ya tangawizi jirani na ugali, mlenda, njugu mawe na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani. Na malalamiko ya akina mama tuliozungumza nao huko ni yale yale tunayoyasikia Unguja na Pemba.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba hali hii ina sababu zake. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Katika miaka inayotangulia, homoni za mwili hupanda na kushuka bila ya mpango. Mabadiliko hayo huweza kuufanya mwili uhifadhi maji, na utumbo ukasukuma chakula polepole. Choo kikichelewa, gesi nayo hukaa. Aidha, mama aliyekuwa akitembea kutwa kucha kwa shughuli za ujana huenda sasa anakaa zaidi. Wapagazi na wanawake waliofuatana na misafara walitembea miezi kadhaa. Sisi leo hupanda bodaboda kwenda sokoni. Hatusemi watu warudi kubeba mizigo kichwani. Tunasema tu kwamba matembezi ya robo saa baada ya chakula huusaidia utumbo kufanya kazi yake, na hayana gharama.

Pili, ni chakula. Maharagwe, kunde na njugu mawe ni vyakula bora, na hatumshauri mtu avitupe. Lakini vina aina ya sukari ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuisaga. Hufika utumbo mpana ikiwa nzima, na vijidudu vya huko huichachusha na kutoa gesi. Dawa yake iko jikoni: maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya mpaka yaive sawasawa. Wako wanaotia magadi ili yaive upesi. Waelewe kwamba magadi huongeza chumvi mwilini, na mwenye shinikizo la damu hana budi kujihadhari nayo. Choroko kwa kawaida huwa nyepesi zaidi tumboni.

Kadhalika maziwa mabichi. Watu wazima wengi wa Afrika hawana uwezo kamili wa kusaga sukari ya maziwa, na hao huona nafuu kwa mtindi kuliko kwa maziwa mabichi. Hata embe, fahari ya Tabora, na asali ya misitu yake ya miombo, zikiliwa kwa wingi huweza kuleta gesi kwa baadhi ya watu, kwa sababu ya sukari iliyomo. Kijiko cha asali ni neema. Kikombe kizima ni jambo jingine. Soda nayo ni gesi iliyotiwa ndani ya chupa. Anayeinywa asistaajabu kuikuta tumboni.

Tatu, ni namna ya kula. Mafundisho ya dini yetu yanatutaka tuligawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Tujiulize kwa uaminifu ni futari ngapi za Ramadhani zinazoiacha pumzi na fungu lake. Muhogo, maharagwe ya nazi, sambusa, uji na sharubati huliwa kwa dakika kumi, kisha mtu hulala chali na kulalamika. Alaye kwa pupa humeza hewa pamoja na tonge. Mama wa makamo angefungua kwa kidogo, akapumzika kwa sala, kisha akala taratibu, angelala vizuri zaidi. Mboga za majani na ugali wa dona husaidia choo, ila viongezwe kidogo kidogo pamoja na maji ya kutosha, kwani kuvivamia kwa ghafla huzidisha gesi badala ya kuipunguza.

Nne, ni viungo, ambavyo Visiwa vyetu ni mabingwa wake. Tangawizi imechunguzwa na wataalamu, na imeonekana kusaidia chakula kutoka tumboni upesi. Nanaa huutuliza utumbo, ijapokuwa mwenye kiungulia huenda ikamzidishia. Iliki, shamari na mchaichai tumevirithi kutoka kwa bibi zetu. Ushahidi wake ni wa desturi zaidi kuliko wa maabara, lakini kikombe kimoja cha moto baada ya chakula hakina ubaya kwa walio wengi. Anayetumia dawa za kuifanya damu kuwa nyepesi amuulize daktari kabla ya kunywa tangawizi kwa wingi.

Hapo ndipo tunapoweka mpaka. Kikombe cha tangawizi ni kitu kimoja, na biashara ya chupa za "kusafisha tumbo" ni kitu kingine. Sanamaki na haluli zina kazi yake kwa siku moja moja. Zikitumiwa kila wiki, mwili hupoteza maji na chumvi zake, na mgonjwa hubaki na tatizo alilokuwa nalo. Tunawasikitikia akina mama wanaotoa fedha zao za maandazi na za ukulima wa mwani kuwanunulia wachuuzi maneno matamu.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni kulidharau tumbo lisilostahili kudharauliwa. Gesi ya kawaida huja na kuondoka; asubuhi tumbo hupungua, jioni hujaa. Uvimbe usioondoka, hasa ulioanza baada ya umri wa miaka 50, ni habari nyingine. Wataalamu wa Uingereza wanashauri kwamba mwanamke wa umri huo anayepatwa na hali hii mara kwa mara, hasa zaidi ya mara 12 kwa mwezi, apimwe, kwa kuwa saratani ya vifuko vya mayai huanza kwa dalili hizo hizo zinazofanana na gesi. Mama anayeshiba kwa tonge mbili, anayekonda bila sababu, anayeona damu chooni, au anayetokwa na damu baada ya kukoma hedhi, asingoje tangawizi imponye. Kichocho nacho, ambacho hatukigeni Bara wala Visiwani, kina aina inayodhuru ini na kulijaza tumbo maji. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Tena kuna ubaya mwingine usiofaa kunyamaziwa. Katika mikoa ya magharibi ya nchi yetu, tumbo lililovimba huweza kuitwa uchawi, na anayenyooshewa kidole mara nyingi ni mwanamke mzee mwingine. Wanawake wazee wameuawa huko kwa tuhuma za namna hiyo. Kipimo kimoja cha hospitali chaweza kumwokoa mgonjwa, na kikamwokoa jirani yake pia.

Kwa hiyo tunawageukia wahusika Serikalini. Kliniki ya mama na mtoto ni kazi njema, lakini jina lake lenyewe linamwambia mwanamke kwamba akiisha kuzaa hana tena siku yake katika zahanati. Mama wa miaka 50 huenda akahudumiwa kwa dakika mbili, akapewa vidonge vya tumbo na kuambiwa ni uzee. Hili si la kuvumilia. Tunashauri kila kituo cha afya, Bara na Visiwani, kitenge siku moja kwa mwezi kwa ajili ya wanawake wa makamo. Tumbo lao lishikwe, shinikizo lao lipimwe, na wenye dalili za hatari wapelekwe hospitali ya mkoa bila ya kuzungushwa.

Wala tusiambiwe kwamba wananchi hawafundishiki. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili wa Bara katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Redio bado zipo, na Umoja wa Wanawake ulioundwa mwaka 1962 ungali na matawi yake. Linalokosekana ni uamuzi.

Na Tabora ni mji unaojua maana ya uamuzi. Hapo, Januari 1958, TANU iliamua kuingia katika uchaguzi uliojaa masharti ya kikoloni, na uamuzi ule ukaitwa wa busara. Huu tunaouomba leo ni mdogo zaidi: kumsikiliza mama aliyelea taifa zima, pale anaposema kwamba tumbo linamsumbua. Naye kwa upande wake aseme, wala asione haya.