Mkasi wa filamu: Wakazi wa Mbeya na Iringa walitazama nakala ipi?

Filamu moja huweza kuwa na sura nyingi. Titanic, iliyotoka mwaka 1997, ina mwisho mwingine ambao haukuonyeshwa katika majumba ya sinema: Rose, akiwa bibi kizee, anamruhusu mtafuta hazina Brock Lovett kuishika almasi kabla hajaitupa baharini. Kipande hicho kilitolewa hadharani mwaka 2005 katika toleo maalumu la DVD. Nayo Blade Runner ya mwaka 1982 ilitoka upya mwaka 1992 bila sauti ya msimulizi wala mwisho wa furaha wa awali, kisha mwaka 2007 likafuata toleo la mwisho la mwongozaji wake, Ridley Scott.

Huko, kipande kilichokatwa kimekuwa bidhaa. Kwa mtazamaji wa Nyanda za Juu Kusini hali imekuwa tofauti: filamu imemfikia ikiwa imepita katika mikono kadhaa, na mara nyingi hakuelezwa nini kiliondolewa njiani.

Mkono wa kwanza ni wa dola. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 iliweka Bodi Kuu ya ukaguzi pamoja na bodi za mikoa na wilaya. Kwa muundo huo, mamlaka ya ukaguzi hayakuishia Dar es Salaam, bali yalishuka hadi mikoani, Mbeya na Iringa zikiwamo.

Mkono wa pili ni wa mfasiri. Katika vibanda umiza, watazamaji wengi walizijua filamu za Marekani, India na China kupitia sauti za wasimulizi kama Lufufu, aliyeitafsiri Titanic kwa Kiswahili, na DJ Mark. Msimulizi hupunguza sauti ya asili na kuzungumza juu yake. Hueleza, huonya na hutania. Anapoeleza jambo moja, mazungumzo yaliyo chini ya sauti yake hupotea. Huo nao ni ukataji, ingawa haukutumia mkasi. Hata hivyo, ndio uliomwezesha asiyejua Kiingereza kuifuata hadithi.

Mkono wa tatu ni wa msambazaji. Filamu nyingi za Bongo za miaka ya 2000 na baada yake ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili. Hapa mhariri hakupunguza, bali alirefusha: gari likaendeshwa kutoka mtaa hadi mtaa bila neno kusemwa, ili mradi diski ya pili ijae.

Swali linalobaki ni la uhifadhi. Blade Runner iliweza kuhaririwa upya baada ya miaka 25 kwa sababu picha zake za awali zilitunzwa. Filamu ya Kitanzania iliyobaki katika kanda ya VHS au diski ya mtaani haina nafasi hiyo. Kanda huchakaa, diski hukwaruzika, na nakala iliyorefushwa kwa ajili ya soko inakuwa ndiyo pekee itakayorithiwa.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliwataka watengenezaji wa kigeni wanaotumia maudhui ya Tanzania kuikabidhi Bodi ya Filamu picha ghafi zote pamoja na nakala ya filamu iliyokamilika. Kwa mantiki hiyo, mgeni anayepiga picha za tembo katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo tangu mwaka 2008 inajumuisha pia eneo la Usangu mkoani Mbeya, anatakiwa kuacha hata vipande ambavyo dunia haitaviona.

Ni dhahiri kwamba sheria hiyo ilitambua thamani ya kilichokatwa. Ikiwa picha ghafi za mgeni zinastahili kutunzwa, itakuwa vigumu kueleza kwa nini za msanii wa Mbeya au Iringa ziachwe zioze sandukuni.