Nyumba Si Nchi: Usomaji Mbaya wa "Casa tomada"

Tangu Juan José Sebreli alipoisoma hadithi fupi ya Julio Cortázar, "Casa tomada", kama fumbo la kisiasa katika kitabu chake cha 1964, wahakiki wengi wameridhika na mlinganyo mmoja: nyumba ni Argentina, ndugu wawili wanaoikalia ni mabwanyenye, na wale wasioonekana wanaoiteka ni umma uliomwingiza Juan Perón madarakani mwaka 1946, mwaka uleule hadithi ilipochapishwa katika jarida lililohaririwa na Jorge Luis Borges. Mlinganyo huu unaigeuza taashira kuwa kitendawili. Jibu likishapatikana, hadithi hutupwa kama makapi ya muwa.

Si kwamba siasa haimo. Imo, ila wahakiki hao huitafuta nyuma ya mlango wa mwaloni ilhali imewekwa waziwazi sebuleni. Ndugu hawa hawana haja ya kazi. Fedha za mashamba huwafikia kila mwezi, nazo huzidi. Irene hufuma, akafumua, akafuma tena. Nduguye huulizia madukani vitabu vya Kifaransa, ingawa tangu 1939 hakijafika cha maana. Asubuhi nzima huishia katika kuipangusa vumbi nyumba ambayo watu wanane wangeishi bila kubanana. Nani basi anammiliki nani? Msimulizi mwenyewe anadokeza kwamba huenda ni nyumba iliyowazuia kuoa na kuolewa. Kutekwa kumo, naam, lakini mateka wa kwanza ni wao.

Usomaji wa Sebreli hauwezi kueleza kwa nini hakuna anayeuliza ni nani aliyeingia. Sauti inasikika, hafifu, kama kiti kilichoangukia zulia, komeo linafungwa, kinywaji cha mate kinaandaliwa kama kawaida. Wanasikitikia vitu vilivyobaki upande wa pili, kisha wanaona hata nafuu, kwa kuwa kazi ya usafi imepungua! Mwenye mali aliyenyang'anywa hanyamazi hivyo.

Na kuna ule ufunguo. Saa tano usiku wamo barabarani, peso 15,000 zikiwa zimesahauliwa kabatini, na msimulizi anautupa ufunguo katika mfereji wa maji machafu asije maskini fulani akaingia kuiba, akaikuta nyumba imetekwa. Ikiwa walioiteka ni maskini wenyewe, huruma hii ni ya kumkinga maskini na nani?