MIGUU YETU NAYO NI JAMBO LA CHAMA

Ndugu wafanya kazi wa Reli,

Katika mikutano ya tawi twasema sana juu ya mishahara, malipo ya saa za ziada, nyumba na likizo, na ni haki yetu kuyasema. Lakini liko jambo moja ambalo hatulisemi mkutanoni wala nyumbani, ingawa twatembea nalo kila siku ndani ya viatu. Ni kuwashwa katikati ya vidole vya miguu, ngozi kuwa nyeupe na kupasuka, na kucha kugeuka manjano na kuwa nene kama pembe. Wengine huita fangasi, wengine huita kuvu, na wengine hawaiti kwa jina lo lote kwa sababu ya haya. Sisi twaona ya kuwa hii si aibu ya mtu mmoja. Ni jambo la kazi, na yafaa liletwe mbele ya chama kama mengine.

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe. Kuvu hii ni ndugu wa choa kinachowashika watoto kichwani. Chakula chake ni lile ganda gumu la ngozi na kucha, na hupenda mahali penye joto, unyevu na giza. Basi, ni wapi penye mambo hayo matatu kupita ndani ya buti la mfanya kazi? Mara nyingi huanza kati ya kidole kidogo na kile cha pili yake, kwa maana hapo vidole vimebanana na maji hayakauki. Kwa wengine hushika unyayo wote, ngozi ikawa kavu na kutoa unga mweupe, na mtu hudhani ni vumbi tu. Vipande vidogo vya ngozi huanguka sakafuni, na kuvu hukaa ndani yake siku nyingi ikimngojea mwenye miguu mitupu.

Wako wasemao kwamba mwenye kuvu ni mchafu. Maneno hayo si kweli. Mtu aweza kuoga asubuhi na jioni na bado akaipata, kwa kuwa anaoga lakini hakaushi vidole, kisha anavaa buti la jana ambalo bado lina jasho. Haikuletwa na uchafu, imeletwa na unyevu.

Na unyevu ndio kazi yetu. Dereva na gadi hutoka Mombasa katika joto la pwani, miguu imelowa jasho, wakapanda bara kwenye baridi ambako soksi iliyofuliwa usiku haikauki mpaka asubuhi. Wenzetu wa njia hushinda juu ya mataruma na kokoto wakati wa masika na wa vuli, na maji yakiingia ndani ya gambuti hayatoki. Huko juu Timboroa, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, jua la kukaushia kiatu ni la bahati. Tena sisi wa safari twalala katika vyumba vya watu wengi, twaoga katika bafu moja, na aliyetangulia humwachia anayefuata sakafu iliyolowa. Mtu akiacha ugonjwa huu sakafuni Jumatatu, mwenzake anauchukua Jumanne na kuupeleka nyumbani kwa mkewe na watoto.

Sasa, yako yaliyo juu yetu wenyewe, nayo hayangoji mwajiri. Katika sanduku la safari tuweke patipati, na tusikanyage sakafu ya bafu la watu wengi bila kuzivaa. Tuchukue taulo letu wenyewe, tusiazimane, wala tusiazimane mkasi au wembe wa kukatia kucha. Baada ya kuoga tukaushe kati ya kila kidole kwa zamu, bila haraka. Soksi zibadilishwe kila siku, na zikilowa katikati ya kazi zibadilishwe hapo hapo. Kwa hiyo jozi moja ya ziada mfukoni ni kitu cha lazima. Mwenye jozi mbili za viatu avae moja leo na nyingine kesho, ili kila moja ipate mchana na usiku wa kukauka. Mwenye jozi moja alegeze kamba, afungue ulimi wa kiatu, na atie karatasi za gazeti ndani zinyonye maji usiku. Wakati wa mapumziko tuvae akala au patipati, miguu ipate hewa. Na mwenye kuvu miguuni avae soksi kabla ya nguo ya ndani, la sivyo nguo ile ikipita juu ya vidole itabeba kuvu na kuipandisha kinenani.

Dawa zipo, na si za ajabu. Katika maduka ya dawa huuzwa krimu ya klotrimazoli, ambayo hupakwa mara mbili kwa siku, kwa kawaida wiki 2 hadi 4. Iko pia terbinafini, ambayo mara nyingi humaliza kazi kati ya vidole kwa wiki 1 au 2. Kosa la wengi ni kuacha siku ile kuwashwa kunapokoma. Kuwashwa hukoma upesi, lakini mizizi ya kuvu bado iko, na baada ya mwezi tunaanza upya na kusema dawa ni mbaya. Tupake mpaka siku zilizoandikwa ziishe, katika miguu yote miwili, na tupite kidogo mpaka wa pale palipoharibika.

Kucha ni neno jingine. Krimu ya ngozi haifiki chini ya kucha iliyo nene. Hapo tuende hospitali, kwanza kwa sababu si kila kucha iliyoharibika ina kuvu. Iliyogongwa na chuma nayo hugeuka hivyo hivyo. Daktari akithibitisha, aweza kutoa vidonge vya terbinafini vya kila siku kwa wiki 12 hivi kwa kucha za miguu, na huenda akataka kupima damu kwanza, kwa maana vidonge hivi vyaweza kudhuru ini la watu wengine. Tusikate tamaa tukiona vidonge vimekwisha na kucha bado ni mbaya. Kucha ya kidole kikubwa hukua polepole sana, na kuota yote upya huchukua mwaka 1 hadi mwaka mmoja na nusu.

Twaonya pia juu ya dawa za kubahatisha. Mafuta ya taa, maji ya betri na dawa kali za kufulia huchoma ngozi na kufungua kidonda. Zile krimu za kulainisha uso zenye steroidi hupunguza kuwashwa kwa siku chache huku kuvu ikienea chini kwa chini. Na mwenye ugonjwa wa sukari asijitibu peke yake hata kidogo, kwa sababu ufa mdogo kati ya vidole ni mlango wa vijidudu vingine. Mtu ye yote akiona mguu umevimba, umekuwa mwekundu na wa moto, au homa imempata, aende hospitali siku hiyo hiyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hayo ni yetu. Lakini mfanya kazi hawezi kukausha buti ambalo hana la kubadilisha, wala hawezi kusafisha bafu ambalo maji yake hayana pa kutokea. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mwajiri awape wanaofanya kazi penye maji mavazi ya kufaa ya kujikinga, na viatu vimetajwa humo. Sheria hiyo hiyo yataka kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na halmashauri ya usalama na afya, nao wafanya kazi wawe na wajumbe wao humo. Basi twaomba wajumbe wetu wapeleke mambo manne: jozi mbili za buti kwa kila mtu wa njia na wa safari, mahali pa kukaushia viatu na nguo katika kila nyumba ya kulala wasafiri, sakafu za bafu zenye kutoa maji, zisuguliwe kila siku, na dawa ya kuvu katika zahanati.

Tunajua wako watakaocheka na kusema chama kimeacha mishahara kinahubiri vidole. Twawajibu hivi: mtu wa njia akichechemea, hawezi kuruka upesi treni linapokuja. Mwenye homa ya mguu hulala kitandani siku nyingi, na watoto hula kwa taabu. Jozi ya pili ya buti haimzidi mwajiri gharama kuliko siku hizo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mkutano ujao wa tawi, mwenye kuwashwa na aseme. Ataona mikono mingi ikiinuka pamoja na wake.

Sisi wenzenu wa safari na wa njia.