Nywele za kipilipili si timutimu
Na Kokushubira Mutagahywa

Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na unyevu wa Ziwa Victoria haukauki hata siku isiyonyesha. Binti wa Kamachumu, wilayani Muleba, anaweza kuzipitisha chanuo nywele zake alfajiri na kuzipaka mafuta. Manyunyu ya njiani yakizipata, zinajikunja upya kabla kengele ya shule haijalia. Mstarini anaulizwa mbona kaja na kichwa timutimu. Anaonewa. Timutimu ni hali ya nywele zisizochanwa, zilizovurugika, hizi zimesimama na zile zimelala ovyo. Hata mwenye nywele za singa huamka nazo timutimu, na chanuo likishapita neno hilo halimhusu tena. Kipilipili hakiondoki kwa kuchanwa, kwa kuwa unywele huota umejikunja tangu kwenye ngozi. Tena unafanya kazi: utafiti wa Tina Lasisi na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2023, ulionyesha kuwa nywele zilizojikunja sana hukinga kichwa na joto la jua kuliko zilizonyooka.

Wapo watakaosema lugha ni ya wasemaji, na kama watu wanaziita timutimu nywele zote zisizolala, basi maana imeshahama. Ni kweli maneno huhama. Ila hili likihama tutapoteza jina la uchafu wa kweli, na mtoto aliyechana na asiyechana watapewa karipio moja. Tena aliyechana hana la kurekebisha, maana kosa lake litakuwa ni kuota nywele alizozaliwa nazo. Wengine watasema ni neno tu, haliui. Linaniuma hata hivyo, kwa sababu anayelisikia miaka yote ya shule ndiye atakayekaa saluni akivumilia dawa ya kunyoosha inayoweza kumuunguza ngozi ya kichwa, akiamini anatibu kasoro.

Sibishani na usafi wala na shule zinazotaka nywele fupi. Usafi una maswali yake: zimeoshwa? Zimechanwa? Kama ni ndefu, zimesukwa, hata kwa mtindo wa twende kilioni? Walimu wa Bukoba na Muleba, ulizeni hayo mstarini, na timutimu mwachieni ambaye kweli hakuchana.