Leseni ya Utah Haivuki Kila Mpaka

"Dogo, wewe si ndiyo unasoma sheria? Hebu niambie, nikichukua na leseni ya Utah, si nitapita nayo kila mahali?"

Aliyeniuliza ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Anaishi Texas kwa Green Card, anaendesha lori, na usiku mwingi analala humo humo kwenye lori, kwenye maegesho ya barabara kuu. Ana bastola, kainunua kihalali. Shida ni kwamba kazi yake inavuka majimbo, ila ruhusa ya bastola haivuki kirahisi hivyo. Nilipolipeleka swali lake kwenye vimbweta, washkaji walicheka: "Marekani si kila mtu ana bunduki? Leseni ya nini tena?" Naandika kwa sababu jibu hilo lina hatari, na kwa sababu wapo kati yetu wanaojaza fomu za kwenda kusoma huko huko.

Tuanze na mfumo wenyewe. Marekani haina leseni moja ya taifa zima ya raia kubeba bastola iliyofichwa mwilini. Kila jimbo lina sheria yake. Kufikia 2024, majimbo 29 yalikuwa yanamruhusu mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria kuibeba bila leseni yoyote. Texas imo humo tangu tarehe 1 Septemba 2021. Majimbo yaliyobaki yanadai leseni, na kila jimbo linaamua lenyewe litatambua leseni za wapi.

Ndiyo maana wanaosafiri sana huchukua leseni ya nyumbani, kisha wanaongeza ya jimbo jingine linalowapa hata wasio wakazi wake. Maarufu ni Utah, Florida na Arizona. Kwa Utah, unasoma kozi fupi kwa mkufunzi anayetambuliwa, ambaye anaweza kuwa mtaani kwenu tu, unatuma alama za vidole na picha, unalipa ada, unasubiri. Utaipata bila kukanyaga Utah, na mafunzo yenyewe hayakulazimishi kufyatua risasi hata moja. Inadumu miaka 5. Ya Florida inadumu miaka 7. Watu wanazikusanya kama sisi tunavyokusanya laini za simu: huu mtandao haushiki, weka mwingine.

Tofauti ni kwamba laini ikigoma unakosa kupiga simu. Leseni ikigoma unalala ndani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema "ongeza leseni, upanue safari." Nguvu ya leseni hizi haiko kwa aliyekupa. Iko kwa unayemwendea. California, New York, New Jersey, Maryland na Hawaii hazitambui leseni ya jimbo lingine lolote, hata ukija nazo tano mfukoni. Colorado na Michigan zinatambua leseni ya mkazi wa jimbo lililoitoa tu, kwa hiyo ile ya Utah mikononi mwa mtu wa Texas huko ni karatasi. Pennsylvania nayo ilibadilisha makubaliano yake na Florida mwaka 2013, kwa sababu watu wa Pennsylvania walikuwa wanaagiza leseni ya Florida kwa posta na kuitumia nyumbani kwao. Hata Utah yenyewe, tangu 2011, inamtaka mgeni awe kwanza na leseni ya jimbo lake, kama jimbo hilo linatambua ya Utah.

Kuna na sheria ya shirikisho kuhusu maeneo ya shule, ambayo wengi hawaijui. Inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, yaani kama mita 300. Mwenye leseni amesamehewa, lakini leseni inayotajwa ni ile iliyotolewa na jimbo ambalo shule hiyo ipo. Dereva anayekatiza mjini atapita mbele ya shule ngapi kwa siku?

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Oktoba 2013, mama mmoja wa Philadelphia, anayelea watoto wawili peke yake, alivuka kuingia New Jersey akiwa na bastola yake na leseni halali ya Pennsylvania. Akasimamishwa kwa kosa la barabarani. Yeye mwenyewe akamwambia askari kwamba ana bastola na leseni anayo. Akakamatwa. Alikabiliwa na kifungo cha zaidi ya miaka 3, kisa alidhani leseni hii inafanya kazi kama leseni ya udereva. Kilichomwokoa mwishoni ni msamaha wa Gavana Chris Christie, Aprili 2015.

Huyo ni raia. Kaka yangu si raia. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema mgeni akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, na mwenye Green Card bado anahesabiwa mgeni. Kwa hiyo daraja moja tu, lililovukwa kwa kujiamini, linaweza kuirudisha familia nzima uwanja wa ndege. Mtandaoni wanakuonyesha ramani ya majimbo yaliyopakwa rangi ya kijani. Hilo la kufukuzwa hawalipaki rangi.

Nakubali kwamba upande wa pili una hoja. Dereva anayelala maegeshoni anaogopa kweli. Na wanauliza swali zuri: kama leseni ya udereva ya Texas inaheshimiwa New Jersey, kwa nini hii isiheshimiwe? Mwaka 2022, kwenye kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ilisema kubeba bastola nje ya nyumba kwa ajili ya kujilinda ni haki ya kikatiba, na New York haiwezi kumdai mtu sababu ya pekee. Sasa haki gani hiyo inayokatika katikati ya daraja?

Jibu langu ni kwamba udereva unapimwa karibu sawa kote: utashika usukani mbele ya mtahini. Bastola haipimwi sawa. New York inadai saa 16 za darasa na saa 2 za kulenga shabaha. Utah haidai risasi hata moja. Majimbo 29 hayadai hata darasa. Na ile hukumu ya Bruen haikuyaamuru majimbo yatambue leseni za wenzao. Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kulazimisha utambuzi huo, kura 231 kwa 198, ukafia Seneti. Naona ulistahili kufa, maana ulitaka New York impokee hata mtu asiye na leseni, mradi kwao anaruhusiwa. Njia ya haki ni Bunge lao kuweka kwanza kiwango cha chini cha mafunzo na ukaguzi, kisha leseni iliyofikia kiwango hicho ivuke kila mpaka. Wakikataa kiwango, wasishangae mipaka ikibaki.

Sasa wewe unayesubiri viza ya masomo. Kwako mjadala huu wote haupo. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda, ya mwanafunzi ikiwemo, kuwa na silaha au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Adhabu inafika hadi miaka 15. Rafiki akikuambia "shika tu nikupige picha," mwachie bastola yake. Na ukienda chuo cha umma Texas, ujue kwamba tangu tarehe 1 Agosti 2016 mwenye leseni anaruhusiwa kuwa na bastola iliyofichwa chuoni. Leseni hiyo bado inadaiwa chuoni, ingawa barabarani haidaiwi tena. Hata huko basi si "kila mtu."

Kaka nilimjibu hivi: chukua leseni ya Texas, ujue majimbo yanayoitambua, na ya Utah usiilipie kabla ya kuandika njia zako zote jimbo kwa jimbo. Kwenye majimbo yasiyokutambua, ipo sheria ya 1986 inayomlinda mpita njia: bastola haina risasi, imefungiwa kwenye kisanduku chenye kufuli kisichokuwa droo ya gari, na silaha hiyo ni halali unakotoka na unakokwenda. Ukiwa na mzigo wa kushusha New Jersey, iache nyumbani.

Alinyamaza kidogo. "Sasa dogo, New Jersey si ndiyo ninakoogopa zaidi?"

Najua, kaka. Lakini mwizi wa maegeshoni huenda usikutane naye kamwe. Trafiki utakutana naye.